Mwenye Biashara, Karibu Chakula!

Msomaji wangu, wiki hii sina wa kumsema. Zile stori za mashosti walioporana mabwana na majirani waliorushiana maji machafu nimeziweka kando. Wiki hii najianika mwenyewe. Na usinicheke, maana nina hakika hata wewe unayesoma hapo kwenye daladala, kwenu kabatini kuna karatasi moja yenye jina la mtu mmoja na jasho la watu wawili.

Ilikuwa Jumanne jioni. Nimerudi zangu kutoka kwenye mihangaiko (sisi waandishi wa kujitegemea unatujua, kutwa kiguu na njia kumfuata mhariri mwenye mshiko wako), nikamkuta mama watoto amekaa kimya. Watoto wenyewe ni mmoja tu, lakini cheo ni cheo. Ugali upo mezani, dagaa wapo, mchicha upo. Nikanawa mikono, nikasubiri aanze yeye. Wapi! Ndipo akasema, tena kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko matusi:

"Mwenye biashara, karibu chakula."

Duh! Nikajua leo kuna kasheshe.

Ngoja nikupe picha kamili. Sisi tuna steshenari huku Mbagala, fremu moja karibu na shule. Tunatoa kopi, tunaprinti, tunapiga picha za pasipoti, tunafanya leminesheni, tunauza madaftari na kalamu. Msimu wa kuomba vyuo na mikopo ya wanafunzi ukifika, foleni inatoka hadi barabarani, vijana wanajaziwa fomu zao mtandaoni. Na ninaposema "tunatoa", "tunaprinti", naomba uelewe kwamba anayetoa na kuprinti ni mama Junior. Saa kumi na mbili asubuhi ameshafungua ili wawahi kununua kalamu wale watoto ambao kila siku kalamu zao "zimepotea". Saa mbili usiku ndiyo anafunga. Mashine ikila karatasi anajua aigonge wapi. Mimi nikifika pale ni kuchaji simu na kuulizia kama kuna elfu tano ya nauli.

Mtaji ulikuwa shilingi 2,600,000. Hapo 1,400,000 ni zake za VICOBA, 500,000 alipewa na mama yake aliyeuza shamba la mihogo, na 700,000 ni zangu. Hesabu hiyo niliifahamu siku zote. Niliifahamu kama mtu anavyofahamu umri wa mama mkwe wake, yaani ipo tu, haisemwi.

Sasa leseni ina jina la nani? La kwangu. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA je? La kwangu. TIN? Yangu. Mkataba wa fremu? Sahihi ni yangu, tena nimeipamba na mkia. Wala hapakuwa na ujanja wowote. Siku ya kusajili, namba yangu ya NIDA ilikuwa imetoka na ya kwake bado. Tukaambiana, "Andika lako bwana, kwani si yetu sote?" Tukacheka, tukanywa soda. Hiyo ni miaka mitatu na ushee iliyopita. Ya kwake ilitoka mwezi uliofuata, na hakuna aliyekumbuka.

Jumanne hiyo mwenzangu alikwenda kwenye taasisi moja ya mikopo (jina kapuni) kuomba mkopo wa mashine ya pili. Akabeba daftari la mauzo la miaka mitatu, kila siku kaandika, mpaka zile kopi za bure za mwenyekiti wa mtaa. Kijana wa dirishani akapekua karatasi, akamwambia, "Mama, hii biashara siyo yako. Mwambie mwenye biashara aje." Akaeleza, akaelezea. Kijana akauliza, "Kwani wewe pale ni mfanyakazi wake?" Akajibu ni mke. "Basi njoo naye na cheti cha ndoa, lakini mwombaji ni yeye."

Swali likahamia kwenye ugali wetu. "Mimi pale ni nani?"

Nikazuga. "Si mke wangu?"

"Baba Junior, nimekuuliza pale. Sijakuuliza hapa."

Tukamaliza kula. Akaniambia anataka jina lake liingie kwenye karatasi. Nikamjibu, "Nitaliangalia." Usiku sikulala vizuri, na nitakwambia ukweli kwa nini. Kuna kitu kilinibana kifuani. Mimi kijana wa mjini, kidato cha nne nimemaliza, kila wiki nawashauri wenzangu hapa gazetini wawaheshimu wake zao, leo naombwa nusu karatasi, jasho linanitoka! Yaani ni kama vile nilikuwa nategemea siku moja tukizinguana, ile karatasi itanitetea.

Asubuhi nikaenda kijiweni, pale kwenye mwembe wanapoegesha bodaboda. Kosa! Washikaji wakanipokea kama mgonjwa. Mmoja akasema, "Ukishamwandika tu, mwana, umekwisha. Kesho anakuita mpangaji." Mwingine, ambaye hajaoa na wala hana dalili, akanipa mifano sita ya wanaume waliopinduliwa. Nilipouliza majina na mitaa yao, mifano yote ikawa "kuna jamaa mmoja".

Aliyenena kitu cha maana ni mzee mmoja fundi cherehani, anayekaa pembeni na hachangii sana. Akasema yeye na mkewe waliwahi kuwa na biashara ya vitenge, wameandikishana wote wawili. Mama akaenda Kariakoo akachukua mzigo kwa mali kauli bila kumwambia. Mzigo ukadoda. Wenye mali walipokuja, hawakuulizana nani alichukua. Walibeba vitenge vilivyobaki, halafu wakabeba cherehani zake tatu.

"Walikuonea, mzee," nikamwambia.

"Hawakunionea. Biashara ilikuwa yetu, na deni likawa letu. Niliweka sahihi bila kuuliza sahihi yangu inanunua nini."

Hilo nikaliweka mfukoni. Nikakumbuka na la pili, la mama yangu mdogo huko Morogoro. Yeye na baba mdogo walikuwa na mashine ya kusaga na kukoboa. Mota ya mashine ilinunuliwa kwa mpunga wa mama mdogo, kijiji kizima kinajua. Lakini leseni na risiti nyingi zilikuwa na jina la mume. Baba mdogo alipofariki, arobaini haijapoa, shemeji zake wakaja na kufuli jipya. "Mashine ya kaka yetu hii." Kesi ilikwenda mwaka na miezi saba. Mama mdogo aliokolewa na risiti moja ya mota aliyokuwa ameihifadhi ndani ya Biblia, yenye jina lake. Alipokabidhiwa mashine, mkanda ulikuwa umeliwa na panya na kutu imepanda mpaka kwenye jiwe. Mpaka leo anasema alishinda kesi ya chuma chakavu.

Hapo nikaona kijiwe hakinitoshi. Nikamwendea dada mmoja anayetoa msaada wa kisheria, akanipa kiti na dakika arobaini. Nakusimulia kwa lugha yetu ya mtaani, lakini vifungu nimeviandika kwenye daftari.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza, sheria yenyewe ni ya zamani kuliko mimi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, huku Bara, inamruhusu mke kumiliki mali yake, kuiuza, kuweka mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, sawa na mume. Kuoana peke yake hakugeuzi mali ya mmoja kuwa ya mwingine. Wale wanaosema "ukiolewa chako ni cha bwana" wanatunga, na wale wanaosema "ukioa tu, nusu ya kila kitu imekwenda" nao wanatunga.

Halafu kuna kifungu cha 60. Mali ikipatikana mkiwa kwenye ndoa na ikaandikwa kwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni ya huyo mmoja peke yake. Ikiandikwa kwa majina yote mawili, inaanza kwa kudhani mna haki sawasawa. Nimesema "inaanza", maana dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Ila fikiria, nani ana kazi ya kutafuta ushahidi? Yule ambaye jina lake halipo! Kwa steshenari yetu, mimi nakaa nimekunja nne, na mama Junior mwenye 1,900,000 yake ndiye anayehangaika na madaftari ya VICOBA kuthibitisha kwamba kweli alikuwepo.

"Lakini si mkiachana mahakama inagawa?" nikauliza, nikijifanya nauliza kwa niaba ya wasomaji.

Inagawa, ndiyo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka hayo kwa mali zilizochumwa kwa jitihada za pamoja. Inaangalia kila mmoja alichangia nini, iwe fedha, mali au kazi. Inaangalia madeni waliyoingia kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Zamani mahakimu walibishana kama kupika, kufua na kulea ni mchango. Ubishi huo ukatatuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Majaji wakasema kazi za nyumbani ni mchango. Akina mama wengi wanaijua kesi hiyo kwa jina.

Wasichokijua wengi ni mwisho wake, na mimi nilipoambiwa nilikaa wima. Bi Hawa mwenyewe alitoka bila mgao. Kwa nini? Kwa sababu mahakama iliona mumewe aliwahi kumpa fedha aanzishe mradi wa kuongeza kipato cha familia, naye akazitapanya. Mchango wake ukafutwa na mradi ule uliokufa. Yaani mwanamke aliyewafungulia wenzake mlango alibaki nje ya mlango huo huo, sababu ni kimradi kidogo cha mke na mume ambacho nadhani hata wao hawakukaa chini kuandikiana ni cha nani na kinaendeshwaje.

Kwa wale mnaokaa kinyumba, "tunajaribu kwanza", msijifanye haya hayawahusu. Mkikaa miaka miwili au zaidi na watu wanawajua kama mke na mume, kifungu cha 160 kinaweza kuwadhania mmeoana, mpaka mtu athibitishe vingine. Lakini kuthibitisha huko ni shughuli, na kufuli la shemeji halisubiri.

Maana kwenye kifo ndiko kwenye noma zaidi. Biashara iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja haina uhai wake, ni yeye. Akifa, inaingia kwenye mirathi pamoja na suruali zake. Baada ya hapo ni dini na mila zenu. Kwa Waislamu, mjane mwenye watoto wa marehemu ana fungu la moja ya nane. Kwenye kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, kwa Tangazo la Serikali namba 436, mjane hapewi fungu kama ndugu wa ukoo wa marehemu wapo, anaambiwa atatunzwa na wanawe. Wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka jambo hilo mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia haki za wanawake ikasema Tanzania ilikiuka haki zao. Sawa. Lakini kilicho cha mjane mwenyewe tangu mwanzo, chenye jina lake, hakipaswi kuingia kwenye mirathi hata kidogo. Ile risiti ya kwenye Biblia ndiyo ilifanya kazi hiyo.

Basi nikatoka pale nimeshiba sheria, nimejaa ujasiri. Nikanunua na chipsi kuku. Nikafika nyumbani nikatangaza kama waziri: "Mama Junior, tunafanya ubia. Majina yote mawili, nusu kwa nusu." Nikangoja kukumbatiwa.

Akamega paja la kuku. Akasema, "Sitaki."

Hee!

"Jana si ulitaka?"

"Jana nilitaka jina langu liingie. Leo nimekaa nikafikiria jina lako." Akafuta mikono. "Ile pikipiki ya rafiki yako imeishia wapi?"

Msomaji, hapa ndipo ninapojianika. Mwaka jana kuna mshikaji wangu alichukua pikipiki ya mkopo, na mdhamini nikawa mimi. Miezi mitano akalipa vizuri. Mwezi wa sita akaenda machimboni "kutafuta maisha", na tangu hapo simu yake inapatikana kwa bahati kama umeme wa mgao. Wadai walianza kunipigia mimi. Sikumwambia mke wangu. Nilidhani hajui. Kumbe walishampigia mpaka yeye, kwa namba iliyobandikwa kwenye mlango wa steshenari!

"Wakija kesho kudai shilingi 480,000," akasema, "watabeba nini? Kiti chako cha kuandikia?"

Hapo akili ikanifunguka, tena kwa maumivu. Kwa jinsi karatasi zilivyo, steshenari ni yangu. Na kama ni yangu, basi ni ya wadai wangu pia. Miaka mitatu yote mashine ya 1,900,000 zake imekuwa ikidhamini uswahiba wangu na mtu aliyeko machimboni. Mimi nilikuwa naogopa kumpa nusu. Yeye alishaona kwamba naweza kumpotezea yote kwa sahihi ambayo hata hakuwepo wakati naiweka.

Na ubia nao siyo dawa ya kila ugonjwa, yule dada wa sheria alinieleza vizuri ila nilikuwa nasikiliza ile sehemu tamu tu. Kwenye sheria yetu ya mikataba, wabia wasipoandikiana chochote, faida ni sawasawa na hasara ni sawasawa, hata kama mmoja alileta mtaji mara tatu. Mbia mmoja akikopa kwa shughuli za kawaida za biashara, amewakopea wote. Ndiyo yale ya cherehani tatu. Deni langu binafsi haliwi la ubia, lakini wanaonidai wanaweza kulifuata fungu langu lililomo humo. Na mbia akifariki, ubia unavunjika, kama hamkukubaliana vingine. Kwa hiyo kumwongeza mtu jina bila mkataba wa ubia ni sawa na kumpa usukani bila breki.

"Basi andika lako peke yako," nikamwambia, kwa hasira kidogo, nakiri.

Akaniangalia. "Na laki saba yako?"

"Ndiyo nakuuliza. Mimi nitakuwa nani pale?"

Akacheka mpaka Junior akaamka. Sikuona cha kuchekesha, mpaka nilipojisikia nilivyosema.

Tulikaa mpaka saa sita usiku. Sijawahi kuongea na mke wangu mambo ya hela kwa muda mrefu hivyo bila mtu kununa. Nyuma ya fomu ya mwanafunzi iliyoharibika tukaandika rasimu. Ubia, mafungu hayalingani. Yeye alianza na 70 kwa 30, mimi nikataka 60 kwa 40, nikasema na kupaka rangi nilipaka mimi. Akauliza rangi ni shilingi ngapi. Tumesimama kwenye 65 kwa 35. Hakuna kukopa wala kudhamini mtu kwa mali ya duka bila sahihi mbili. Hiyo inatubana sisi wenyewe, haimbani mkopeshaji asiyejua, kwa hiyo tutaweka sahihi mbili na kwenye akaunti ya benki. Mmoja akifa, aliyebaki anaendelea na duka, na fungu la marehemu linathaminiwa na kulipwa warithi taratibu, siyo kwa kubeba mashine. Mshahara wa kukaa dukani unatolewa kabla ya kugawana faida. Kipengele hicho alikileta yeye, na nikitazama zile saa kumi na nne zake kwa siku, nikaona bora ninyamaze.

Shughuli ya karatasi si ndogo. Taarifa za usajili zibadilishwe BRELA, mkataba wa ubia uandikwe vizuri, ubia uwe na TIN yake, siyo kubebea ile yangu, leseni nayo ibadilishwe halmashauri, na mwenye fremu akubali kuandika mkataba upya. Huyu wa mwisho ndiye anayenitia wasiwasi, maana ukimwambia "upya" anasikia "kodi imepanda".

Lakini bado hatujaanza. Rasimu ipo kwenye droo ya chini dukani, chini ya karatasi za leminesheni, imewekwa sahihi moja tu, ya kwangu. Mama Junior amekataa kusaini. Amesema haingii ubia na mtu mwenye pikipiki asiyoipanda. Nimalize kwanza 480,000, nilete karatasi ya kwamba udhamini umekwisha, ndipo achukue kalamu. Nimeshapunguza 130,000.

Zimebaki 350,000. Mhariri wangu, kama umeisoma hii mpaka hapa, sasa umejua kwa nini nakupigia simu kila Ijumaa.